Uzi: Tunaosomeshea watoto nyumbani, fasihi ya zamani mnaifundishaje? Mimi natumia madondoo

#1 MamaKiamunyi, Nakuru

Hamjambo wazazi na walimu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, lakini swali la fasihi limeulizwa mara kadhaa mwezi huu na kila mara jibu ni lile lile: nunua mwongozo. Naomba kulipinga jibu hilo, tena kwa kirefu. Mwenye haraka anisamehe.

Nasomesha watoto watatu nyumbani hapa Kiamunyi. Mkubwa ana miaka 17 na atafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Wa katikati ana 11, kitinda mimba 8. Tulianza miaka mitatu iliyopita.

Kilichonisukuma ni hiki. Mkubwa alikuwa kidato cha pili, shule siitaji, akaja likizo na mwongozo wa riwaya ya kutahiniwa. Jioni moja nikamkuta kitandani anaukariri. Akanitajia maudhui saba. Akanitajia wahusika na sifa zao, mbinu za lugha na mifano yake, kila kitu kwa mpangilio. Nikamwuliza, riwaya yenyewe iko wapi? Akasema darasa zima lina nakala moja na ni ya mwalimu. Mtoto wangu alijua kwamba mama fulani kwenye hadithi ni "mwenye huruma", lakini hakuwa amewahi kumsikia mama yule akisema neno hata moja. Usiku ule sikulala vizuri. Niliona kama mtu aliyepewa orodha ya viungo vya pilau akaambiwa ameshakula.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja. Afadhali mistari ishirini ya mwandishi mwenyewe, iliyosomwa kwa sauti hadi ikakaa kinywani mwa mtoto, kuliko hadithi nzima aliyofupishiwa na mtu mwingine. Na kwa sababu vitabu vya zamani vingi ni vizito kwa mtoto wa miaka 8, ninachowapa ni dondoo.

Dondoo letu la kwanza lilitoka kwa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate huko Lamu, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858. Sikuwaambia watoto lolote kumhusu. Asubuhi, vikombe vikiwa vimeshaondolewa mezani, niliwaambia wafumbe macho, nikausoma ubeti huu polepole mara mbili:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Kitinda mimba akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na ndoo. Ile ya bluu ya kuchotea maji. Akaiweka katikati ya sebule, akaniuliza, "Mama, ndoo ya nini na huku kuna karatasi?"

Swali hilo lilitufungulia kazi yote ya siku ile. Wa katikati akafikiri kidogo akasema, "Mbee ni mbele. Ndoo mbele... ni njoo! Anamwita mtu." Tukabaki na "ujilisi". Sikuwapa maana. Nikawauliza, mtu akiitwa aje mbele na wino na karatasi, atafanya nini? Wakajibu kwa pamoja: ataketi aandike. Basi "ujilisi" ni uketi, wameipata wenyewe. Hapo ndipo nikawaambia kwamba anayesema ni mama mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, na anayeitwa ni bintiye. Wa katikati akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe naye alikuwa anamsomeshea mtoto nyumbani."

Sikuwa nimeliona hilo mimi mwenyewe.

Tulimaliza kwa kuhesabu mizani kwa vidole. Ndo-o-mbe-e-u-ji-li-si. Nane. Mstari wa pili nane, wa tatu nane, wa nne nane. Kitinda mimba alihesabu mara tatu akidhani amekosea, maana hakuamini mtu anaweza kupanga maneno hivyo mfululizo. Somo zima lilichukua dakika 25.

Namna ninavyochagua: dondoo liwe na mwanzo wake na kituo chake. Ubeti, barua, hotuba, onyesho moja la tamthilia, mtu anafika mahali na kitu kinatokea. Sikati katikati ya jambo. Silainishi maneno ya kale, hata kama mtoto ni mdogo. Nikishasoma sielezi, mtoto kwanza anisimulie alichosikia, kwa maneno yake, hata kama amekosea. Kisha anakinakili kwa mkono kwenye daftari lake. Ijumaa jioni kila mmoja anaghani alichokipenda mbele ya baba yao.

Nitaje pia kosa langu la mwaka wa kwanza ili mtu asilirudie. Nilikusanya madondoo 40 kwenye faili na kuyapanga kila siku na lake. Jumatatu Shaaban Robert, Jumanne Shakespeare, Jumatano utenzi, hivyo hivyo. Kufika Novemba mkubwa ananisimulia Karama, mshtakiwa wa Kusadikika ya Shaaban Robert, kana kwamba alishtakiwa Venisi ya Shakespeare. Vichwa vilijaa makombo. Siku hizi tunakaa na kitabu kimoja wiki mbili au tatu, madondoo manne au matano ya humo humo, mtoto anapata kuzoea sauti ya mtunzi.

Nyie mnafanyaje? Nataka kusikia hasa kutoka kwa wenye watoto wa rika mchanganyiko.

#2 BabaPacha, Kakamega

Asante sana mama. Nina pacha wa miaka 12, tunawasomesha mimi na mke wangu kwa zamu. Shida yetu ni Shakespeare. Mtaala tunaoufuata unamtaka, na Kiingereza chake kinawashinda. Nimejaribu vitabu vya kurahisisha lakini watoto wanasoma wakimaliza hawana la kusema. Nianze wapi?

#3 MamaKiamunyi, Nakuru

BabaPacha, anza na Nyerere. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Chukua onyesho la mahakamani kwenye Mabepari wa Venisi, pale Shylock anapodai ratili yake ya nyama kutoka kwenye mwili wa Antonio. Usieleze deni kwa kirefu. Sema tu: mtu alikopa, akaweka rehani nyama ya mwili wake, na muda umepita. Gawa sehemu, wasome wakiwa wamesimama. Wakishaipenda kwa Kiswahili, wape Kiingereza cha onyesho lile lile. Watakuwa wanajua kinachoendelea, kwa hiyo maneno hayatawatisha.

#4 MwalimuMstaafu, Kisumu

Nimesoma uzi huu kwa makini na nampongeza mama wa Kiamunyi kwa bidii. Lakini nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 31 na nina wasiwasi ambao lazima niuseme.

Neno lenyewe "dondoo" linanikumbusha karatasi ya mtihani. "Weka dondoo hili katika muktadha wake, alama nne." Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Tumelea kizazi kizima kinachosoma kitabu kikiwinda mistari itakayoulizwa. Mtoto anakuwa na vipande mia kichwani na hajawahi kumaliza kitabu akakaa nacho kifuani. Kumaliza kitabu ni nguvu inayojengwa, kama ya mkimbiaji. Haijengwi kwa mbio za mita kumi kumi.

Chukua Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea anatoka Tanga anakwenda hadi Kitale kumtafuta babake. Uzito wa kufika kwake Kitale unatokana na kila kilichompata njiani. Ukimpa mtoto ukurasa wa kufika peke yake, amefika bila kutembea.

Tena wengi wenu mnaosomesha nyumbani mnamfuata Charlotte Mason, yule mwalimu Mwingereza aliyeishi 1842 hadi 1923. Kusimulia baada ya kusoma kumetoka kwake. Lakini mama yule yule alisisitiza kitabu kizima, kisomwe polepole muhula mzima ikibidi, na hakupenda kabisa mtoto kulishwa vipande na mihutasari. Mmechukua kusimulia kwake mkaacha kitabu chake. Nasema kwa upendo.

#5 MamaKiamunyi, Nakuru

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu sehemu kubwa ya ulichosema ni kweli na iliwahi kunipata nyumbani kwangu.

Lile faili la madondoo 40 lilimfanya mkubwa wangu awe hivyo hivyo ulivyoeleza. Siku moja nilimwuliza, katika yote tuliyosoma mwaka huu, lipi limebaki moyoni? Akanijibu kwa kunipa muktadha. Msemaji, msemewa, mahali, sababu. Alidhani namtahini. Niliumia kuliko siku ya mwongozo, kwa kuwa safari hii aliyemfundisha hivyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo tulibadilisha. Asubuhi dondoo, jioni kitabu kizima ninachosoma kwa sauti, sura moja baada ya chakula. Na mara nyingi dondoo la asubuhi ndilo linaloita kitabu cha jioni. Nitoe mfano. Niliwasomea kipande cha Adili na Nduguze, pale inapoonekana kwamba Adili, mtu mwema anayesifiwa na wote, kila usiku huwachapa mijeledi nyani wawili. Nikafunga kitabu. Kitinda mimba akakasirika kwelikweli. "Kwa nini anawapiga? Wamefanya nini?" Nikamwambia sababu imo humu ndani lakini ni ndefu. Alinifuata jikoni, akanifuata nikianika nguo, hadi jioni tukaanza ukurasa wa kwanza. Tulikimaliza kwa siku tisa, mbili kati ya hizo kwa mwanga wa kandili kwa sababu stima zilikuwa zimepotea. Mtoto wa miaka 8, Shaaban Robert mzima. Ningempa kitabu chote tangu mwanzo asingevuka ile lugha ya utangulizi.

Kusadikika nacho, cha 1951, kimejengwa kama kilichopangwa kwa ajili yetu. Karama ameshtakiwa na Majivuno kwa kuanzisha somo la sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema ya kuifaa nchi na kuishia kifungoni. Kila mjumbe ni kisa kamili. Mkubwa alisoma cha Buruhani nami, vingine akavisoma peke yake bila kuambiwa.

Ila kwa vitabu vya kutahiniwa sina dondoo. Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha amevisoma jalada hadi jalada kabla ya kugusa swali lolote. Hapo tuko pamoja, Mwalimu.

Ninapotofautiana nawe ni kwa mashairi ya pwani. Mtoto wa Nakuru hawezi kuupitia utenzi wa beti mia wa Kiswahili cha zamani kwa mkupuo. Nikingoja awe tayari kwa utenzi mzima, ataondoka nyumbani kwangu bila kuusikia ubeti hata mmoja.

#6 BintiAmu, Kisumu

Samahani naingilia. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimeolewa huku Kisumu mwaka wa kumi sasa, na nimeguswa sana kuwaona watoto wa Nakuru wakighani Mwana Kupona.

Lakini dadangu, turekebishane kidogo. "Ndoo" na "mbee" umeyaita maneno ya kale, Kiswahili cha zamani. Si ya kale. Ni Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Mamangu akinipigia simu leo asubuhi ataniambia "ndoo". Ukiwafundisha watoto kwamba hayo ni maneno yaliyokufa, wataona kama wanachimba makaburi, na huku wenyewe tuko hai tunayasema jikoni. Waambie ni lugha ya nyumbani kwa watu, upande ule wa pwani ya kaskazini. Wataisoma kwa heshima tofauti.

Na kama unataka dondoo jingine, nenda Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Anaueleza mji wa Pate baada ya fahari yake kuanguka. Chukua huu:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na kotwe waikaliye

Madaka ni vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta. Nyumba za zamani za mawe kule kwetu zina ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu, umepakwa chokaa ukang'aa, na humo ndimo zilimowekwa sahani za kaure kutoka Uchina. Nyumbani kwa bibi yangu kulikuwa na ukuta kama huo. Nikiwa mdogo nilikuwa napenda kuingiza mkono kwenye kidaka cha chini kabisa, ndani kulikuwa na baridi hata mchana wa jua kali. Sasa fikiri: mahali pa sahani ya thamani, amelala mtoto wa ndege. Nyuni ni ndege, bumu ni bundi. Zisiji na kotwe ni ndege pia. Mtunzi hakusema "utajiri huisha". Amekuonyesha kidaka, akaondoa sahani, akaweka kinda. Usiwaambie watoto maana yake. Waulize tu, sahani zimekwenda wapi?

#7 NyarAsembo, Kisumu

BintiAmu, nimesoma nikapata ubaridi mwilini.

Nami niongeze la upande wetu wa ziwa. Wanangu walikuwa hawataki kabisa habari za Fumo Liyongo, walisema ni mambo ya pwani. Nikawaambia sawa, kwanza nisimulieni Lwanda Magere. Hiyo wanaijua tangu kwa nyanya yao: shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haumwingii, mpaka mke aliyetoka kwa maadui akagundua kwamba nguvu yake imo kwenye kivuli. Na jiwe lake lingali linaonyeshwa mpaka leo. Walipomaliza nikawasomea kifo cha Liyongo kutoka kwenye utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Shujaa ambaye silaha haimwui, mpaka mwanawe mwenyewe akaijua siri, sindano ya shaba kitovuni. Kijana wangu alishika kichwa. "Mama, huyu ni Magere!"

Kutoka hapo walitaka kila kitu cha Liyongo. Kile kipande cha gerezani ndicho wanachokipenda kupita vyote. Mamake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wanaichukua mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa makapi, kisha ngoma ya gungu inapigwa nje na kelele zake zinafunika sauti ya tupa ikikata pingu. Tulioka chapati mbili tukaficha kijiko ndani ya moja.

Nikisema la pili, si lazima kila mara iwe dondoo. Hadithi fupi ni kitu kizima kinachotosha asubuhi moja. Grace Ogot, wa Asembo kwetu, ana ile ya Oganda, binti wa mtemi Labong'o, anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Ni kurasa chache tu. Iko kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi huisoma aya kwa aya na wanangu wanaisimulia kwa Kiswahili, wengine kwa Dholuo. Kwenye ile safari ya Oganda peke yake kuelekea ziwani, binti yangu wa miaka 9 alinishika mkono na hakuuachia mpaka Osinda alipotokea. Na tunakaa mahali ambapo ziwa lenyewe tunaliona. Mwalimu Mstaafu, hapo kitabu kizima kimesomwa na hakuna aliyechoka.

#8 BabaPacha, Kakamega

Narudi na ripoti. Nilifanya kama mama wa Kiamunyi alivyoshauri, onyesho la mahakamani. Kabla ya kuanza, mmoja akauliza ratili ni kiasi gani. Tukatafuta, ni karibu nusu kilo. Kwa bahati mke wangu alikuwa ametoka buchari na nusu kilo ya nyama ya ng'ombe. Nikaiweka kwenye sahani katikati ya meza, nikasema: hii ndiyo anayodai, itoke hapa, karibu na moyo.

Wakanyamaza. Tukasoma. Tulipofika pale Portia anaposema nyama ichukuliwe lakini tone la damu lisimwagike, Kulwa wangu akachukua kisu akakata kipande kidogo. Damu ikatoka kwenye sahani. Akasema, "Haiwezekani. Ameshindwa." Tulibaki hapo karibu saa nzima tukibishana kama Shylock ameonewa. Doto anasema ameonewa kwa sababu hata mkataba ulipokuwa halali walimtukana tangu mwanzo. Sikutarajia mtoto wa miaka 12 aone hilo, tena kwenye onyesho moja tu.

Wiki ijayo nataka kuwapa Francis Imbuga, mtu wetu wa Maragoli. Lile onyesho la kwanza la Betrayal in the City, Doga na Nina kwenye kaburi la mtoto wao Adika. Je, ni zito mno kwao?

#9 MwalimuMstaafu, Kisumu

BabaPacha, wape. Nimeliigiza onyesho hilo na wanafunzi mara nyingi. Wazazi wawili wazee na kaburi, hakuna kingine kinachohitajika. Usiwape siasa kwanza. Waache wawaone wazazi. Siasa watakuuliza wenyewe watakapotaka kujua Adika alikufaje, na hapo usikomee kwenye dondoo, soma tamthilia yote. Si ndefu.

Mama wa Kiamunyi, marahaba. Nimekuelewa. Wasiwasi wangu ulikuwa dondoo lisilo na kitabu nyuma yake. Lako lina kitabu jioni. Kwa mashairi ya pwani nakubali, mimi mwenyewe nilisoma beti za Inkishafi miaka mingi kabla ya kuuona utenzi wote, na zile beti ndizo zilizonifanya nisomee Kiswahili chuoni. Naomba kitu kimoja tu. Kwenye daftari la mtoto, juu ya kila dondoo, aandike jina la mtunzi na jina la kazi nzima. Asidhani maneno yalidondoka kutoka angani.

#10 MamaKiamunyi, Nakuru

Mwalimu, tumeanza leo, juu ya kila ukurasa. Asante.

BintiAmu, nimesahihishwa na nimeshukuru. Niliwaita watoto nikawaambia mama nilikosea, haya si maneno ya kale, kuna dada yuko Kisumu ambaye mamake husema "ndoo" kwenye simu. Kitinda mimba akataka kujua kama anaweza kumpigia.

Sasa niwaeleze tulichofanya na ule ubeti wa madaka. Tuliusoma siku tatu mfululizo. Nilishika ushauri wako, sikueleza. Niliuliza tu sahani zimekwenda wapi. Wa kwanza kujibu alisema zimeibwa. Wa katikati akasema zimevunjika. Mkubwa hakujibu.

Jumamosi tukaenda Egerton Castle, upande wa Njoro, si mbali na kwetu. Kwa wasiopajua, ni jumba la mawe la vyumba 52 alilojijengea Lord Maurice Egerton kati ya 1938 na 1954. Alifariki 1958, hakuacha mke wala mtoto. Leo ni mahali pa kutembelewa na watu, panatunzwa vizuri tu. Tulipita chumba baada ya chumba. Ngazi kubwa, ukumbi wa dansi, dari refu, na sauti za viatu vyetu tu. Kitinda mimba alikuwa anachungulia kila pembe ya ukuta. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Madaka."

Tulipotoka nje mkubwa alibaki nyuma kwenye nyasi akiliangalia jumba. Kisha akaghani kwa sauti ya chini, bila mtu kumwomba, "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni." Huyu ndiye aliyekuwa akinitajia maudhui saba. Nilijifanya natafuta ufunguo wa gari ili asinione.

Njiani akaniuliza, Pate bado ipo? Mtu anaweza kwenda? Nikamwambia ipo.

Ila kuna jambo moja linanisumbua. Najua siyasomi maneno hayo inavyotakiwa. Naweka mkazo wa Nakuru. BintiAmu, ungeweza kuturekodia?

#11 BintiAmu, Kisumu

Nitafanya zaidi ya hapo. Mamangu amefika na yuko nami mpaka mwisho wa mwezi, na yeye alizisikia beti hizi kwa mamake. Nimemsomea uzi wote huu, na nilipofika pale pa ndoo ya bluu aliniambia nirudie. Amekubali kurekodi. Nitumie namba ya WhatsApp kwa ujumbe wa faragha.

#12 NyarAsembo, Kisumu

Tafadhali nasi wa Kisumu tusisahauliwe. Mimi niko tayari kuja na wanangu wakae mbele yake wamsikilize, mtuambie siku tu. Nitakuja na omena na chai.

#13 MamaKiamunyi, Nakuru

Imefika. Dakika sita. Nimeiweka mezani tukaisikiliza sote watano, baba yao akiwemo, amechelewa kazini kwa sababu hiyo.

Pale mwanzo kabla hajaanza kughani anasema, "Wanangu, ndooni." Kitinda mimba aliruka kutoka kwenye kiti. Kisha sauti ikaanza, na jambo nililoligundua mara moja ni kwamba mimi nilikuwa nakimbia. Yeye anakaa kwenye "zisahani" kama mtu anayezipanga moja moja. Nilikuwa nikisoma shairi kama habari ya redio miaka mitatu.

Wa katikati ameisikiliza mara nne na daftari mkononi. Kuna mstari ambao mama ameughani baada ya ule ubeti wetu, unaotaja kumbi na "ngende". Ametega sikio na kuandika anavyosikia, halafu akaandika kando kwa penseli: mdudu wa usiku? anayelia? Hajataka nimwambie. Anasema jioni, nyenje wakianza nje, atatoka uani kusikiliza kwanza.